Maji Yaliyo Ndani ya Mlima

Kutoka Manundu, katikati ya mji wa Korogwe, milima ya Usambara haiko mbali. Asubuhi ya masika, ukungu ukishainuka, unaiona nyuma ya mabati ya nyumba, ya kijani yenye mabaka mekundu. Nikiwa mtoto nilidhani mabaka yote yale ni mashamba yaliyolimwa. Bibi, ambaye anaishi huko juu upande wa Vugiri, ndiye aliyenisahihisha. "Mengine si mashamba, mjukuu wangu," aliniambia. "Ni mahali mlima ulipoketi."

Hakusema ulipoanguka wala ulipoporomoka. Alisema ulipoketi, kama mtu mzima anayejishusha taratibu kwenye kigoda, mkono mmoja kiunoni. Niliyachukulia kuwa maneno ya wazee tu, nikayasahau.

Niliyakumbuka baada ya baba mdogo kuchimba bwawa la samaki. Alilichimba katika kijibonde kilicho juu ya nyumba ya Bibi, akazuia kijito kwa tuta la udongo mwekundu alioushindilia kwa miguu na kwa gogo, akapandikiza perege. Lilikuwa bwawa zuri. Lililipa ada za shule za watoto wake wawili. Mwaka wa pili, baada ya masika, ufa ulitokea kwenye ukuta wa jiko la Bibi, ukipanda kutoka sakafuni kwa mshazari. Mlango wa chumba cha nyuma ukagoma kufunga. Migrevilea iliyokuwa imesimama wima mpakani mwa shamba ikaanza kuinamia bondeni.

Baba mdogo alisema nyumba ni ya zamani, msingi wake ni mawe na tope. Bibi alisema mlima umeanza kuketi tena. Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili katika historia, natafuta mada ya tasnifu, na kila mmoja wao alinitazama kana kwamba chuo kimenifundisha kuamua kesi yao. Hakikuwa kimenifundisha. Nikaenda kusoma habari za watu wengine waliowahi kuishi alipokuwa akiishi Bibi: chini ya mteremko wenye mfinyanzi unaosogea polepole, karibu na maji yaliyokusanywa na mtu mwingine.

* * *

Kisa maarufu kuliko vyote kilitokea kaskazini mwa Italia, katika bonde la Vajont. Kati ya 1957 na 1960 kampuni ya umeme iitwayo SADE ilijenga hapo ukuta wa zege wenye urefu wa zaidi ya mita 260 kwenda juu, miongoni mwa mirefu kuliko yote duniani wakati huo. Upande wa kushoto wa bwawa ulikuwapo Mlima Toc. Wenyeji walikuwa wakisema mlima ule hauna utulivu, na jina lake mara nyingi huhusishwa na neno la lahaja yao lenye maana ya kitu kilichooza.

Mhandisi mkuu aliyesanifu ukuta aliitwa Carlo Semenza. Mwanawe, Edoardo, alikuwa mwanajiolojia, na ndiye aliyetumwa kuuchunguza mlima. Akagundua kwamba upande ule wote ulikuwa poromoko la kale, lililowahi kushuka maelfu ya miaka iliyopita na kusimama. Fikiria mazungumzo ya mezani katika familia hiyo: mtoto anamweleza baba kwamba kazi kubwa kuliko zote za maisha yake imejengwa kando ya kitu ambacho kimewahi kutembea na kinaweza kutembea tena.

Mwandishi wa habari Tina Merlin alikuwa ameandika mapema juu ya hofu za wanavijiji. Alishtakiwa kwa kueneza habari za uongo zenye kutia watu wasiwasi, na mwaka 1960 mahakama ikamwachia huru. Mwezi Novemba mwaka huohuo, bwawa likiwa linajazwa, kipande cha mlima cha mita za ujazo zipatazo 700,000 kilianguka majini, na ufa wenye urefu wa kilomita 2 ukajichora juu ya mteremko kwa umbo la herufi M.

Wahandisi hawakuwa wapumbavu. Waliuona ufa na waliupima mwendo. Wazo lao lilikuwa kwamba mlima ule unaweza kuongozwa kwa kina cha ziwa: wakipandisha maji, unasogea, wakiyashusha, unatulia. Kwa hiyo wangeuacha ushuke kidogokidogo, kama mtu anayemshusha ng'ombe mkaidi kwa kamba. Kwa miaka 3 hivi walipandisha na kushusha. Septemba 1963 mwendo uliongezeka. Wakaanza kushusha maji, lakini safari hii mlima haukutulia. Siku za mwisho ulikuwa ukisogea sentimita 20 kwa siku. Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1963, zaidi ya mita za ujazo milioni 250 ziliteleza kwa pamoja hadi ziwani. Maji yaliruka juu ya ukuta na kufuta mji wa Longarone na vijiji vya jirani. Walikufa watu karibu 2,000.

Ukuta haukuvunjika. Upo mpaka leo, na nyuma yake hakuna ziwa, kuna mlima uliohamia hapo.

Uchunguzi wa baadaye ulionyesha mahali mlima ulipotelezea. Mwamba wenyewe ni wa chokaa, mgumu. Lakini katikati ya matabaka yake mlikuwa na tabaka nyembamba za mfinyanzi, nyingine za sentimita chache tu. Mlima mzima ulikuwa umekaa juu ya udongo usiozidi unene wa godoro la mtoto.

* * *

Ili kuelewa kwa nini, nilirudi kwenye jambo ambalo kila mtu aliyekulia kando ya mto Pangani analijua mwilini. Ukiingia mtoni mpaka maji yakakufika magotini, miguu inakanyaga vizuri. Yakifika kifuani, miguu inakuwa miepesi, na mkondo mdogo unaweza kukuondoa. Mwili wako haujapungua hata robo kilo. Kilichopungua ni uzito unaofika kwenye mchanga, kwa sababu maji yamekubeba sehemu. Na msuguano unaokushikilia hapo unategemea uzito unaofika chini, si uzito unaoonekana juu.

Mteremko uko hivyohivyo. Ndani ya udongo mna vinyweleo, na ndani ya vinyweleo mna maji. Maji yakiongezeka na kukosa njia, yanasukuma pande zote, yanaubeba udongo kutoka ndani. Chembe zinazokandamizana zinaachiana kidogo. Mlima haujaongezeka uzito sana, lakini mshiko wake umepungua.

Mtu aliyeliweka jambo hili katika hesabu alikuwa Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague wa mwaka 1883. Alilifanyia kazi akiwa mwalimu Istanbul, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na miaka iliyofuata, kwa vyombo vingi vya kuunda mwenyewe, na mwaka 1925 akachapisha kitabu kilichoanzisha elimu ya mekanika ya udongo. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1963, siku 16 baada ya Vajont.

Sikutegemea kumkuta Terzaghi huku kwetu. Lakini miaka ya 1950, mji wa Nairobi ulipokuwa ukihitaji maji zaidi, serikali ya kikoloni ilijenga bwawa la Sasumua huko Kinangop Kusini, chini ya milima ya Aberdare. Bwawa lilikuwa la udongo, na udongo uliopatikana pale ulikuwa mfinyanzi mwekundu uliotokana na mawe ya volkano. Maabara ilitoa majibu ya kutisha. Kwa vipimo vilivyozoeleka Ulaya na Marekani, mfinyanzi ule ulikuwa unabeba maji mengi mno na ni mwepesi mno; ulionekana haufai kujengea. Terzaghi aliombwa ushauri. Alipoutazama kwa kina akaona kwamba vipimo vinasema kitu kimoja na udongo wenyewe unafanya kingine: ulikuwa na nguvu na ulipitisha maji kuliko ilivyotarajiwa. Sababu ilikuwa madini yake, haloisaiti, ambayo chembe zake zimeshikana katika vichungu vidogo vigumu. Bwawa lilikamilika mwaka 1956, na miaka 2 baadaye Terzaghi akaandika juu yake makala ambayo wahandisi wa nchi za joto wanaisoma mpaka leo.

Nilipenda kisa hiki kwa sababu hakimpi ushindi mtu mmoja. Kule Vajont udongo ulikuwa mbaya kuliko wataalamu walivyoamini. Sasumua ulikuwa mzuri kuliko walivyoogopa. Katika visa vyote viwili kosa lilikuwa lilelile: kudhani kwamba udongo wa mahali fulani lazima ufuate tabia ya udongo wa kwingine. Wala Usambara si Sasumua. Milima yetu si ya volkano. Mwamba wake ni wa kale sana, uliochomwa na kukandamizwa ndani ya dunia, kisha ukaozeshwa na mvua mpaka ukawa udongo mwekundu ambao mahali pengine una kina cha mita nyingi. Kuujua unapaswa kuuchimba, na kukaa nao.

* * *

Katika nchi yetu, habari ya nani anaujua mteremko haikuwa ya kitaalamu tu. Ilikuwa siasa.

Mwaka 1946 serikali ya Tanganyika ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, Usambara, na baadaye ukasambazwa sehemu nyingine za milima hiyo. Wakulima waliamriwa kulima kwa matuta yanayofuata kontua, yenye vizuizi vya kukamata maji. Miteremko mikali zaidi ikakatazwa kulimwa. Kazi ya matuta iliangukia sana mikono ya wanawake. Asiyefanya alitozwa faini. Upinzani uliendelea kwa miaka, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ulikuwa umekwisha.

Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1990 juu ya wakulima wenye fikra wa Usambara, anaonyesha kwamba Wasambaa walikuwa na lugha yao ya kuzungumzia mambo haya: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Nchi hapa ni udongo, mvua, chakula na utawala kwa pamoja. Mtawala aliyeshindana na wenzake aliiharibu nchi, na mvua ikakosekana au ikaja kwa ghadhabu. Kwa hiyo mkulima aliyekataa tuta hakuwa anabishana juu ya jembe peke yake. Alikuwa anauliza kama anayetoa amri ana haki na ana ujuzi wa kuponya.

Milima ya Uluguru ilipata mpango wake kuanzia 1950. Huko wakulima walilazimishwa kukata ngazi pana kwenye miteremko ambayo udongo wake ni mwembamba. Kukata ngazi kulizika udongo wa juu wenye rutuba na kutoa wa chini usio nayo. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. TANU, iliyokuwa na mwaka mmoja tu, ilipata wafuasi wengi katika milima hiyo.

Sasa, kuna jambo ambalo pande zote mbili hazikulizungumza sana, nalo ndilo lililonirudisha kwenye bwawa la baba mdogo. Matuta na ngazi hutengenezwa ili kuzuia maji yasikimbie juu ya ardhi. Maji yasipokimbia, yanazama. Kwa mmomonyoko wa juu hiyo ni dawa. Kwa mteremko wenye mfinyanzi unaotaka kusogea kutoka chini kabisa, hiyo inaweza kuwa sumu, kwa sababu ndiyo maji yaleyale yanayokwenda kuubeba mlima kutoka ndani. Adui wa tabaka la juu ni maji yanayokwenda mbio. Adui wa tabaka la chini ni maji yanayokaa.

Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya milimita zipatazo 100 ilinyesha Mgeta, magharibi mwa Uluguru, kwa muda usiozidi saa 3. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Uppsala, wakiwemo Paul Temple na Anders Rapp, walikwenda kuhesabu makovu. Walipata maporomoko zaidi ya 1,000. Karibu yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi. Machache mno yalianzia chini ya miti. Mizizi inaushona udongo, na majani yanarudisha angani maji ambayo vinginevyo yangezama.

Hayo yalikuwa maporomoko mafupi, ya kina kidogo, ya haraka. Yanaua: Novemba 2009, katika kijiji cha Goha wilayani Same, upande wa pili wa bonde la Mkomazi kutoka kwetu, zaidi ya watu 20 walifukiwa usiku mmoja. Mteremko unaosogea polepole ni ndugu yake mpole. Unapasua ukuta wa jiko, unainamisha miti, unakupa miaka ya kuubishia.

* * *

Dawa ya ndugu huyu mpole imejulikana kwa muda mrefu, na inashangaza kwa udogo wake: mpe maji njia ya kutoka. Alexandre Collin, mhandisi wa Ufaransa aliyeshuhudia kingo za mifereji zikiteleza, alichapisha mwaka 1846 kitabu kizima juu ya maporomoko ya mfinyanzi. Tangu wakati huo hadi leo orodha ya tiba haijabadilika sana. Kwanza, kata maji ya juu yasifike: mtaro juu ya mteremko, unaoyapeleka pembeni. Pili, toa maji ya ndani: mitaro mirefu iliyojazwa kokoto, au mabomba yenye matundu yanayotobolewa kuingia mlimani kwa kuinuka kidogo ili maji yajitiririkie yenyewe. Tatu, usiukate mguu wa mteremko. Ukiweza, ulundikie mawe. Nne, panda vitu vyenye mizizi. Tano, pima, tena pima.

Jambo la kupendeza ni kwamba huhitaji kuukausha mlima. Mfinyanzi hautoi maji upesi, na sehemu kubwa hautayatoa kamwe. Unachotafuta ni kupunguza shinikizo mahali pa kutelezea. Wakati mwingine kuteremsha kina cha maji yaliyo chini ya ardhi kwa mita chache kunatosha kufanya mlima ushike tena.

Baada ya Vajont, wahandisi wa mabwawa walijifunza kutumia fedha nyingi kwa jambo hili lisiloonekana. Huko Kanada, juu ya mto Columbia, kuna poromoko la kale linaloitwa Downie, lenye mita za ujazo zipatazo bilioni 1.5, mara kadhaa ya lile la Vajont. Kabla ya ziwa la Revelstoke kujazwa mwaka 1984, walichimba ndani yake mahandaki na kilomita nyingi za matundu ya kutolea maji. Halijazimika kabisa, lakini linakwenda kwa milimita. New Zealand ilifanya vivyo hivyo katika bonde la Cromwell kwa ajili ya bwawa la Clyde: ukuta ulikuwa umeshajengwa, lakini ziwa halikujazwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya mahandaki ya jumla ya kilomita karibu 18 kuchimbwa mlimani. Hakuna mtalii anayepiga picha ya handaki la kutolea maji. Lakini watu wanalala chini yake.

Nasi huku tuna elimu yetu, ndogo kwa ukubwa. Ng'ambo ya Mkomazi, Wapare walijenga ndiva: bwawa dogo la udongo mlimani, chini ya chemchemi au kijito, linalokusanya maji usiku na kuyaachia mashambani mchana. Ndiva ina zamu, ina wasimamizi, ina siku ya watu wote kutoka kuzoa tope. Vitabuni inasifiwa kama mfano wa kugawana maji kwa haki, na ni kweli. Lakini mimi niliposoma habari zake nikiwa na ufa wa Bibi kichwani, nililiona jambo jingine. Ndiva hailali imejaa siku zote. Inajaa, inaachiwa, inajaa tena. Hata asiyekuwa na neno la shinikizo la vinyweleo alijua kwamba maji mlimani ni mgeni, hupewa chakula, kisha husindikizwa.

Bwawa la baba mdogo lilikuwa mgeni aliyehamia.

* * *

Nilirudi Vugiri mwezi Desemba nikiwa na daftari. Baba mdogo alinipokea vizuri, akanipa kiti, kisha akaniambia kabla sijafungua mdomo: "Shule yako nimeilipia kidogo na mimi, mwanangu. Usije ukanifungia bwawa."

Ilikuwa kweli. Mwaka mmoja wa sekondari, samaki wake walinilipia. Ndiyo maana sikuanza na Vajont. Nilimwomba tutembee. Tulikwenda chini ya tuta la bwawa, na hatua kama 40 chini yake tukakuta mahali pabichi katika kiangazi, pana matete ambayo hayakuwapo zamani. Tukashuka tena mpaka nyuma ya jiko la Bibi. Pale napo palikuwa pabichi. Hakusema kitu. Aliinama, akashika udongo, akauviringisha kiganjani ukawa kamba ndefu bila kukatika. Mfinyanzi.

"Basi tulikate tuta leo," alisema ghafla. "Maji yote yaende."

Hapo ndipo historia ilinisaidia. Nilimwambia hapana. Maji ya bwawa yanauegemea mteremko kama mtu aliyeegemea mlango; ukimwondoa ghafla, na ndani ya udongo bado mna maji ambayo hayajapata kutoka, mlango unaweza kufunguka. Kule Italia walikuwa wakishusha ziwa siku za mwisho, na mlima ulikuja hivyohivyo. Tulikubaliana kushusha kwa kiganja kimoja kila siku. Ilichukua wiki 3. Samaki tuliwavua na kuwauza Korogwe, wengi wakiwa wadogo, kwa bei ya hasara. Hasara ilikuwa yake, si yangu, na nataka iandikwe hapa.

Kisha tulichimba. Mtaro mmoja juu, wa kugeuza kijito kwenda korongo la pembeni penye mwamba. Mtaro mwingine nyuma ya nyumba, kina cha kifua, tulioujaza mawe na kokoto na kuufunika kwa majani na udongo. Mtaro huo ulianza kutoa maji siku ya pili. Si mengi: kama bomba lililofungwa vibaya. Bibi aliweka ndoo. Mpaka jioni ndoo ilikuwa imejaa, naye akaitazama kwa muda mrefu. "Yote haya yalikuwa humu ndani?" aliuliza. Nikamwambia yapo mengine.

Bibi hakuridhika na mitaro peke yake. Alitaka ahamishwe, na hapo alikuwa na haki kuliko sisi sote. Mtaro wa kokoto huziba. Mizizi inaingia, tope linaingia, vijana wanakwenda mjini, na baada ya miaka 10 hakuna anayekumbuka kwamba chini ya yale majani kuna kitu. Mahandaki ya Clyde yana wafanyakazi wenye mshahara wa kuyatunza. Mtaro wa Bibi una mimi, ninayekuja likizo. Tumemjengea chumba kwenye mgongo wa kilima, mahali palipo na mwamba, lakini jiko bado ni lilelile la chini. Anasema moto wake uko pale.

Nimeweka vigingi 5 kwa mstari mmoja, kuanzia mwamba wa upande huu mpaka mwamba wa upande ule, na kamba imevutwa juu yake. Vigingi vya mwisho vimesimama kwenye mwamba, haviendi popote. Vya katikati vimesimama kwenye mfinyanzi. Kila mwezi Bibi, au mjukuu aliyepo, anapima kigingi cha kati kimeondoka kwenye kamba kwa kiasi gani, na kunitumia ujumbe kwa simu. Masika ya kwanza kilisogea upana wa vidole viwili. Masika ya pili, upana wa ukucha.

Baba mdogo anataka kuchimba bwawa jingine. Safari hii amenipigia simu kwanza kuuliza wapi. Nimemjibu kwamba sijui, na kwamba tumuulize Bibi mlima uliketi wapi zamani, kisha twende tukachimbe mashimo tuone udongo wenyewe. Tumepanga kufanya hivyo mwezi wa saba, kiangazi, maji yakiwa yamejificha na mahali pabichi panajionyesha.

Ufa wa jikoni bado upo. Tumeupiga lipu mstari mmoja mwembamba kuukatiza, na tumeandika tarehe juu yake kwa mkaa. Lipu ikipasuka, tutajua.